Queen Wembley 1986 kwenye TV ya inchi 43: picha ina meno ya kitana, besi haipo. Shida iko wapi?

mwana_ganjoni | #1

Salaam aleikum wadau. Naweka kila kitu mezani ili tusiulizane mara mbili.

Diski ni DVD ya bendi ya Queen, Wembley, London, shoo ya 12 Julai 1986, toleo la Ulaya la PAL (mfumo wa TV wa huko). Inasomwa na draivu ya USB kwenye laptopu ya Windows, inachezwa na programu ya VLC, inaingia TV ya 4K kwa HDMI. Sauti inatoka tundu la hedfoni la TV hadi wufa ya 2.1 (spika ndogo mbili na boksi moja la besi). Chumba mita 4 kwa 3, taili chini, kuta za mawe zilizopigwa plasta, pangaboi juu.

La kwanza: mwimbaji Freddie Mercury akisimama, picha ni safi. Akianza mbio zake kwenda pembeni mwa jukwaa, kingo za lile koti la manjano zinachanika vimistari vya kulala, meno ya kitana kabisa. La pili: gitaa la besi la John Deacon halisikiki. Wufa ni nzima, maana ikiwekewa taarabu dirisha hutetema. Niuze TV au niuze wufa?

kijana_bamburi | #2

Usiuze kitu yakhe. Pitisha hiyo diski kwenye programu ya akili bandia ya kukuza picha, iwe 4K. Ukiamka asubuhi meno yote yamekwisha.

Binti_Kizingo | #3

Akiamka asubuhi atakuta meno ya 4K. Ngojeni kwanza.

Shoo ile haikupigwa kwa filamu. Ilipigwa kwa kamera za video za televisheni ya Uingereza, mfumo wa PAL, ambao hutoa nusu-picha 50 kwa sekunde. Nusu moja hubeba mistari ya witiri, yaani 1, 3, 5, na inayofuata hubeba ya shufwa. TV za kichogo zilichora nusu hizo kwa zamu, jicho likaona mwendo laini. TV bapa haina zamu, inawasha mistari yote kwa pamoja. Kati ya nusu moja na nyingine imepita sekunde 1/50, na mtu anayekimbia ameshasogea. Kwa hiyo mistari ya witiri inamwonyesha alipokuwa, ya shufwa alipofika. Hayo ndiyo meno yako. Ndiyo maana akisimama yanaondoka.

Kwenye VLC: fungua menyu ya Video, washa Deinterlace (kuunganisha nusu-picha ziwe picha kamili), kisha Deinterlace mode chagua Yadif (2x). Ile "2x" usiiache. Yadif ya kawaida hukupa picha 25 kwa sekunde, yaani unatupa nusu ya mwendo uliorekodiwa. Ya 2x hutoa picha kamili 50. Tazama vijiti vya Roger Taylor vikishuka kwenye ngoma: kwa 25 utaona kijiti juu, kisha kijiti chini, kwa 50 unaona kinavyoshuka.

Pili, Windows yako karibu hakika inatoa Hz 60, yaani inachora skrini mara 60 kwa sekunde. Picha 50 haziingii sawasawa ndani ya 60, kwa hiyo picha 10 hurudiwa kila sekunde na kamera ikizunguka juu ya umati utaona inakwama kwama. Nenda setingi za skrini, sehemu ya hali ya juu, ubadilishe iwe Hz 50. TV zinazouzwa kwetu huikubali.

Tatu ni TV yenyewe. Zima kulainisha mwendo, zima kupunguza chembe, shusha ukali wa kingo hadi sifuri au karibu na hapo. Hali ya picha iwe ya sinema. Ukubwa uwe 4:3 na uache pande mbili nyeusi. Ukivuta picha ijaze skrini, mpiga gitaa Brian May ananenepa na nywele zake zinagusa kingo zote mbili.

Ukitaka faili la kudumu badala ya kuzungusha diski kila siku, programu ya amri ya ffmpeg inatosha: `-vf bwdif=1 -c:v libx264 -crf 18`, na sauti `-c:a flac`, uhifadhi kwa MKV. Faili litoke na picha 50 kwa sekunde. Likitoka na 25, umekosea mahali. Na mwendo ukienda mbele-nyuma kama mtu mwenye kigugumizi, mpangilio wa nusu-picha umepinduka: ongeza `setfield=tff,` kabla ya bwdif.

Habari ya akili bandia: ukiilisha picha yenye meno inadhani meno ni sehemu ya koti, inayachonga vizuri zaidi. Hata ukiilisha iliyosafishwa, nyuso za mashabiki wa safu za nyuma zinageuka nta.

besi_na_ngoma | #4

Picha imepata daktari, nije kwenye sauti. Na kwangu mimi konseti ni sauti kwanza. Picha yenye chembe unaizoea dakika 5, besi isiyokuwepo huizoei.

Mwana_ganjoni, bonyeza Audio kwenye VLC, halafu Audio Track. Nadhani umewekwa kwenye 5.1 bila kujua. Diski nyingi za konseti zina sauti ya aina mbili au tatu: stereo ya PCM (sauti ghafi ya chaneli mbili), na 5.1 ya Dolby au DTS (chaneli sita, data imefinywa). Sauti ya 5.1 ina chaneli tano za kawaida na moja ya mngurumo wa chini peke yake, ile ".1". Mashine ikilazimika kubana chaneli hizo ziingie spika mbili, kawaida hiyo ".1" hutupwa. Haipunguzwi, inatupwa. Kama mchanganyaji aliweka uzito wa besi na teke la ngoma humo, umeutupa nao. Wufa yako ya 2.1 si mfumo wa 5.1. Inapokea kushoto na kulia tu, kisha yenyewe inachota besi kutoka hizo mbili.

Kwa hiyo chagua PCM stereo. Data yake haijafinywa, sampuli 48,000 kwa sekunde, ndiyo sauti bora kabisa kwa vifaa ulivyo navyo.

Kisha hakikisha mambo haya. Sauti ya TV iwe ya kawaida, bila "mzunguko", bila kusawazisha sauti kiotomatiki. Tundu la hedfoni liweke kwenye asilimia 80 hivi na uongeze kwa wufa, si kinyume. Na kagua waya za spika ndogo: ikiwa moja nyekundu imeingia kwa nyeusi, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinauana hewani. Dalili yake ni kwamba mwimbaji hasikiki katikati, anasikika kama yuko kila mahali na hayupo popote. Pindua waya za spika moja tu, usikilize tena.

mwana_ganjoni | #5

Kweli ilikuwa 5.1. Nimeweka PCM, Deacon amerudi. Meno nayo yamekwisha, Hz 50 imekubali. Shukrani dada Binti, shukrani kaka.

Sasa yamezuka mawili mapya. Kuna mvumo "mmmm" wa chini hata muziki ukisimama. Na noti fulani za besi zinavimba chumba kizima, nyingine zinapotea.

besi_na_ngoma | #6

Mvumo: chomoa chaja ya laptopu, ibaki na betri. Ukinyamaza, ni chaja. Usiponyamaza, chomoa waya wa antena nyuma ya TV. Ukinyamaza hapo, umeme unazunguka kati ya ardhi mbili, ya antena na ya soketi. Dawa ni kuchomeka TV, laptopu na wufa kwenye ekstensheni moja, na ikibidi kuweka kitenganishi kidogo cha sauti kati ya TV na wufa. Mtu asikwambie ung'oe mguu wa ardhi kwenye plagi ya pini tatu. Huo mguu ndio unaokuokoa siku waya ukigusa bati.

Tena ukiwa huko nyuma, angalia plagi za RCA. Upepo wetu wa chumvi hula shaba, inafanya ukijani. Pangusa kwa pombe ya isopropili, chomeka, zungusha mara mbili tatu, chomoa, pangusa tena.

Kuvimba: hapo wufa haina kosa, ni chumba. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Chumba cha mita 4 kinajipigia chenyewe karibu na Hz 43 (343 ugawe kwa mara mbili ya urefu), na upana wa mita 3 unajipigia karibu na Hz 57. Sasa waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni noti ya E, Hz 41. Waya unaofuata ni A, Hz 55. Umejenga chumba kinachoitikia nyaya mbili za Deacon, hongera. Zile noti zinazopotea ni kwa sababu umekaa mahali ambapo mawimbi yanakatana.

Mkeka hausaidii hapa. Mkeka na zulia hunyonya sauti za juu, zile zinazogonga taili na kufanya matoazi yawe makali. Weka, lakini si kwa besi. Kwa besi hamisha vitu. Weka wufa mahali unapokalia, juu ya kiti, piga kipande chenye besi inayotembea, halafu wewe tambaa chini ukutani ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinatoka kwa uzito sawa ndipo wufa iende. Kwa kawaida si pembeni kabisa mwa chumba. Kiti nacho usikiegemeze ukutani wala usikiweke katikati hasa, mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia.

Na pangaboi shusha hadi namba 1. Mawimbi ya hewa yanakatwa na mapanga, sauti ndefu ya gitaa inatetemeka kama inapigiwa ndani ya ndoo.

mzee_wa_santuri | #7

Vijana mmeongea vyema. Niongeze la matoleo, maana watu hununua kitu kisichokuwa.

Mkanda wa VHS wa Wembley wa 1990 umekatwa nyimbo kadhaa. DVD ya 2003 ndiyo iliyoleta shoo nzima ya Jumamosi, na toleo la 2011 likaongeza ya Ijumaa, 11 Julai. Lakini lolote utakalonunua, chanzo ni mistari 576 inayoonekana, basi. Anayekuuzia "Wembley 4K" anakuuzia puto.

Ukitaka Queen yenye picha kali, tafuta ya Montreal. Ile ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, tarehe 24 na 25 Novemba 1981, na filamu hiyo ina undani wa kutosha kujaza Blu-ray. Diski hufungiwa eneo la dunia zinakouzwa: Blu-ray ya Ulaya ni kanda B, na Afrika pia ni B, haitakusumbua. DVD ndizo zenye fitina: Ulaya ni 2, Kenya ni 5, Marekani ni 1. Draivu ya laptopu hukuruhusu kubadilisha mara 5 tu, kisha inafunga palepale ilipo. Msibadilishe ovyo. Na Wembley ya Marekani ya NTSC (mfumo wa TV wa kwao) iacheni hata ikiwa rahisi, kwa sababu nusu-picha 50 zimepikwa upya ziwe 60, na mwendo una ukungu usiotoka tena.

Taa nyekundu zikiwaka jukwaani mkaona kingo zina vipande vya mraba kama ngazi, msimlaumu Binti. DVD huhifadhi rangi kwa robo ya picha tu, 360 kwa 288. Nyekundu ndiyo inayotoboa siri hiyo.

Freddie, mtoto wa Unguja yule, aliyezaliwa 1946, anastahili kutazamwa vizuri.

kijana_bamburi | #8

Shikamoo mzee. Swali la gitaa: kuna VHS ya Led Zeppelin ya Madison Square Garden. Gitaa limetunwa kwa mashine, limekaa sawa, lakini likipigwa sambamba na mkanda halilandani, kama mkanda uko juu kidogo. Halafu midomo mahali pengine haifuati maneno. Deki imekufa?

Binti_Kizingo | #9

Deki haina kosa. Ile ni filamu, picha 24 kwa sekunde. Ili iingie PAL iliendeshwa kwa 25, yaani asilimia 4 na ushei haraka zaidi, na sauti ikapanda pamoja nayo: kama sehemu 7 kati ya 10 za nusu-toni. Haifiki noti inayofuata, ndiyo maana huwezi hata kuhamisha vidole ukalingana. Filamu ya dakika 137 inaisha kwa dakika 131 na nusu.

Kwa mkanda, pandisha gitaa senti 70 (senti 100 ni nusu-toni moja). Kwa DVD ya PAL au faili, weka kasi ya VLC 0.96 na uondoe alama kwenye "Enable time-stretching audio" katika setingi za sauti. Usipoiondoa, kasi itashuka na sauti itabaki juu vilevile.

Wembley haina ugonjwa huu. Ilizaliwa kwa 50.

mzee_wa_santuri | #10

Marahaba. Na midomo: maonyesho yalipigwa Julai 1973, usiku wa siku tatu, na zikapatikana nafasi tupu. Mwaka 1974 wakaenda studio ya Shepperton, Uingereza, wakaigiza upya mbele ya kamera sehemu zilizokosekana. John Paul Jones alikuwa amekata nywele, akavaa za bandia. Kwa hiyo filamu hiyo msiitumie kupimia kama sauti ya TV imechelewa. Mtazungusha vitufe mpaka alfajiri.

besi_na_ngoma | #11

Pimeni kwa kijiti kikigonga ngoma, kwenye Wembley. Kwenye VLC kitufe K huichelewesha sauti milisekunde 50, J huirudisha. Ikiwa sauti inapita TV, kubonyeza mara moja au mbili kunatosha.

mwana_ganjoni | #12

Mkanda kama huo wa Zeppelin upo hapa pia, umekaa kabatini miaka. Ukiuinua kwenye mwanga, kwenye kidirisha, juu ya mzingo wa tepu kuna weupe kama unga wa muhogo. Niutie kwenye deki nione?

FundiDeki | #13

USIUTIE. Nimesoma uzi mzima kimya, hapa lazima niseme.

Huo ni ukungu, kuvu hai. Pwani hii, kuanzia mvua za masika hadi kusi likipoa, kabati lililofungwa ni shamba lake. Ukiutia, kuvu inafanya mambo matatu: inapaka vichwa picha ikawa theluji, inang'ang'anisha tabaka za tepu hadi ikakatika, na inabaki ndani ya deki kusubiri mkanda wako mwingine mzima.

Fanya hivi. Nje ya nyumba au dirishani, barakoa usoni. Kasha la VHS lina skrubu 5 chini. Zifungue, lipindue liangalie juu tena, ndipo uinue kifuniko taratibu, kwa sababu kuna vispringi vya breki vinavyoruka na hutaviona tena. Piga picha kwa simu njia ya tepu kabla hujagusa kitu. Toa magurudumu mawili. Kuvu iliyo juu ya kingo iondoe kwa kitambaa laini kikavu cha nyuzi ndogo, kutoka katikati kwenda nje, kisha kwa kitambaa kilichonyunyizwa isopropili ya asilimia 99, kiwe na unyevu tu, kisidondoshe. Acha saa nzima. Rudisha, funga, kisha uuzungushe mwanzo hadi mwisho na kurudi kwenye mashine ya kuzungushia tu, isiyo na kichwa. Huna? Basi deki ya mitumba ya kutolea sadaka, kamwe si ile nzuri.

kijana_bamburi | #14

Spiriti ya duka la dawa na pamba ya masikio si zinatosha? Isopropili ya 99 bei yake si ya mchezo.

FundiDeki | #15

Hapana kwa yote mawili. Spiriti ya kidonda ina maji, nyingine zimetiwa mafuta ili zisikaushe ngozi. Hayo mafuta yatabaki kwenye tepu. Pamba ya masikio huacha nyuzi, na nyuzi moja ikinasa kwenye kichwa cha video umekwisha.

Vichwa vyenyewe husafishwa hivi: deki imechomolewa stima. Ngozi laini ya shamua, au karatasi ngumu safi, itie isopropili, ishike kwa kidole kimoja, igusane na ubavu wa lile pipa linalong'aa, bila kukandamiza. Kidole kisisogee hata kidogo. Kwa mkono wa pili zungusha pipa kutoka juu, mizunguko 10 hivi. Karatasi itatoka na mstari wa kahawia. Badilisha upande, rudia hadi itoke safi. Ukisugua juu-chini, kichwa kinavunjika. Ni kijiwe chembamba kuliko ukucha wa mtoto. Kisha subiri dakika 15 kikauke.

Deki ikitoka chumba chenye AC kwenda sebuleni kwenye joto, iache saa 2 kabla ya kuiwasha. Umande ukikaa kwenye pipa, tepu inagandamana nalo. Na mkanda ukishapona, hifadhi umesimama, ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Si kimoja, tia kumi.

Sauti ikiwa hafifu na ina upepo, deki yako inasoma ule ukanda mwembamba wa pembeni. Tafuta deki iliyoandikwa Hi-Fi kwa mbele, ukanda wa Hi-Fi una besi na matoazi kamili.

mzee_wa_santuri | #16

Kama ni kwa kutazama tu, nunua diski ya filamu hiyo upumzike. Kanda nyingi za dukani zina kinga ya kunakili: ukijaribu kuziingiza kwenye kompyuta, picha inang'aa na kufifia kama taa ya jenereta.

mwana_ganjoni | #17

Diski basi, na mkanda uende ndooni. Wufa imehamia chini ya dirisha, mita moja kutoka pembe, E na A zimetulia. Mvumo ulikuwa chaja.

Moja la mwisho: nikiichezesha Wembley kwenye pleya ya DVD iliyochomekwa TV moja kwa moja, katikati ya shoo inaganda nusu sekunde, kila mara mahali palepale. Mkwaruzo?

Binti_Kizingo | #18

Mahali palepale kila mara, mara moja tu? Diski ya GB 8.5 ina tabaka mbili, na jicho la leza linahama kutoka moja kwenda nyingine; hapo ndipo picha inaganda kidogo. Geuza uitazame chini ya taa; kama haina alama, iache. Ukiipangusa, pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja, si kwa mduara.

mwana_ganjoni | #19

Haina alama.